Kioo Kisichomsikia Tausi

Tausi binti Fahim hatulii. Waliomjua tangu usichana wake mjini Thika watakwambia hivyo: akiketi, mguu hutikisika, akisimama, mikono hutafuta cha kupanga. Ni mahali pamoja tu palipopata kumtuliza, napo ni chumba cha anatomia cha chuo kimoja cha udaktari huko Ruiru, ambako amefanya kazi miaka ishirini na saba. Si daktari. Ni fundi wa maabara: huihifadhi kwa dawa miili ya wafu waliokosa jamaa wa kuwachukua, huifungua hatua kwa hatua, kisha huwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza yale ambayo Mwenyezi Mungu ameyasitiri chini ya ngozi. Miaka ya mwanzo glavu zilikuwa adimu. Hata zilipopatikana kwa wingi, aliendelea kuzivua kila ilipombidi kutafuta neva nyembamba katikati ya mafuta, kwani aliviamini vidole vitupu kuliko macho yake.

Mwezi wa Septemba mwaka jana, wanaume sita waliingiza chumbani meza ndefu kama kitanda, ambayo uso wake wote ni kioo. Ilipowashwa, mwanamume mzima akatokea ndani yake amelala chali, kwa kimo chake kamili. Hakuwa mchoro; alikuwa picha iliyojengwa kutokana na mwili wa mtu aliyepata kuishi. Kwa mguso mmoja wa kidole ngozi iliondoka. Kwa mguso wa pili, misuli. Kwa wa tatu, mbavu, na moyo ukabaki wazi. Wanafunzi walipiga makofi. Dakta Gachau, mkuu wa idara, ambaye ujanani mwake alifundishwa na Tausi namna ya kushika kisu cha upasuaji, alisimama kando ya meza akiwa na furaha ya bwana harusi.

"Wueh! Na hakuna harufu," alisema Eddie, kiongozi wa darasa. "Hapa hata naweza kula chipsi juu yake."

"Kula," Tausi akamjibu. "Lakini wiki ijayo ni wewe utakayelala hapo."

Wiki hiyo hiyo tangazo likabandikwa mlangoni. Kila anayewaelekeza wanafunzi angetahiniwa kwenye meza mpya katikati ya Oktoba: kazi tatu kwa dakika ishirini, mbele ya mkuu wa idara na mtahini kutoka nje. Atakayeshindwa angehamishiwa bohari, ahesabu chupa na katoni za glavu. Tausi alibakiwa na miaka mitano kabla ya kustaafu. Alilisoma tangazo mara tatu, akaenda kuosha ndoo ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa.

Inafaa ieleweke kwamba hakuichukia meza ile. Wanazuoni wameruhusu kufunguliwa kwa maiti inapokuwepo dharura ya elimu, naye aliijua ruhusa hiyo. Lakini ruhusa ni jambo moja na utulivu wa moyo ni jambo jingine. Kila alfajiri, nyumbani kwake Ngoingwa, aliwaombea wale waliosubiri kaburi mwaka mzima, na wengine miaka miwili, ndani ya matangi ya dawa. Meza iliyokuja ingewapunguzia wafu kusubiri. Aliipokea kama jibu la dua. Taabu ni kwamba jibu lenyewe lilikataa kumjibu.

Mara ya kwanza alipobaki nayo peke yake, wanafunzi wakiwa wamekwenda kula chakula cha mchana, aliweka kidole juu ya kifua cha yule mtu wa kiooni. Ngozi haikuondoka. Akabonyeza kwa nguvu. Akajaribu kwa kidole gumba, kisha kwa vidole viwili, kisha kwa mkono wa kushoto. Mtu wa kiooni alibaki amelala vilevile. Tausi akadhani ipo siri ambayo wenzake waliifahamu siku ya mafunzo, naye ikampita kwa sababu ya umri. Alikuwa bado anabonyeza pale Cindy, mmoja wa wanafunzi, alipoingia kuchukua mkoba wake.

"Madam, unafanya nini?"

"Nafuta vumbi," alisema Tausi, akatoa kitambaa mfukoni akafuta kweli.

Uongo huo mdogo ulimfunga. Tangu hapo, kila wenzake walipoisogelea meza kufanya mazoezi, yeye alikumbuka tangi la kukaguliwa au dirisha la kufungwa. Akienda huku, akirudi huku. Watu waliona, na kama ilivyo desturi ya watu wanaoheshimiana bila kuulizana, wakajitafutia sababu. Siku moja, akiwa nyuma ya kabati la mifupa, aliwasikia.

"Mbona Madam haguzi hiyo meza?" Cindy aliuliza.

"Si ni mambo ya dini?" akajibu Eddie. "Ni picha ya mtu, na hao hawataki picha. Usimuulize, utamkosea."

"Na akipelekwa store je?"

"Aki sijui. Daktari pia anajua, na hata yeye ameogopa kumuuliza."

Tausi angeweza kutoka pale na kusema kweli. Hakutoka. Aliona ni heri adhaniwe mcha Mungu kuliko ajulikane mjinga, na hilo ndilo kosa lake katika habari hii yote, kwani aliupa ukimya wake jina la dini.

Siku nne kabla ya mtihani alimwambia bintiye, Sumeya, auzaye vipodozi mjini Thika. Sumeya akampa simu yake ya kugusa. Tausi mwenyewe hajapata kutumia isipokuwa ile ya vibonye. Akagusa. Simu haikufanya lolote.

"Hebu nione mkono," Sumeya akasema, akauvuta karibu na taa. "Subhanallah! Mama, vidole vyako havina mistari. Vimekuwa kama sabuni iliyokauka."

"Ni ile dawa ya maiti, formalini."

"Basi si ujinga, ni ngozi! Kioo kinataka ngozi yenye maji. Kesho waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba vidole vimekufa kazini?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

"Watasema nivipeleke bohari vikapumzike."

Sumeya akacheka, kisha akaona mama yake hacheki. Akaleta glisarini. Kwa siku tatu Tausi alipaka, akaloweka vidole kwenye maji ya vuguvugu, akajaribu simu, akapaka tena. Katika kila majaribio kumi, simu ilimsikia mara moja. Siku ya nne aliondoka na kitambaa chenye maji mfukoni.

Mtahini alikuwa Dakta Mbinya, mwanamke wa maneno machache aliyetoka chuo kingine. Aliisoma kazi ya kwanza: ondoa kuta za kifua, onyesha moyo. Akawasha saa. Tausi akapangusa vidole kwa kitambaa, akagusa. Kimya. Akagusa tena. Matone ya maji yakatapakaa juu ya kioo na yule mtu wa ndani akaonekana kama anatokwa jasho. Dakika nne zikapita. Zikapita saba. Dakta Gachau, ambaye hakuwa ameketi tangu mtihani uanze, akamwinamia.

"Madam," alinong'ona, "kama ni mambo ya imani, sema tu. Sisi wote tunajua, na hakuna atakayekulaumu. Nitaandika hivyo, uende bohari kwa heshima yako."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na ulikuwa mlango mzuri. Angelitamka neno moja tu, angetoka na sifa. Tausi aliutazama uso wa kijana huyu aliyemfundisha, akaona huruma ndani yake, na ile huruma ikamchoma.

"Si imani," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Imani yangu iliiomba meza hii kabla wewe hujawa daktari. Ni vidole." Akaviweka juu ya kioo, viganja vikitazama juu. "Hakinisikii. Wiki tano sasa, nami nimewaacha mseme ni dini. Mungu anisamehe."

Dakta Mbinya akaushika mkono ule, akapitisha dole gumba juu ya ncha za vidole.

"Formalini?"

"Miaka ishirini na saba."

Mtahini akamgeukia Gachau. "Kalamu iko wapi?"

"Kalamu gani?"

"Meza hizi huja na kalamu ya kugusia."

Gachau akapiga magoti, akafungua droo iliyo chini ya meza, akavuta kijisanduku ambacho kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Hakuna aliyekihitaji, basi hakuna aliyekifungua. Akaichana nailoni kwa meno.

"Wiki tano, Madam! Si ungeniuliza?"

"Na wewe si ungeniuliza?"

"Saa haikusimama," alisema Dakta Mbinya. "Zimebaki dakika kumi."

Tausi aliipokea kalamu, na hakuishika kama mwandishi. Aliishika kama kisu, kidole cha shahada juu ya mgongo wake. Kuta za kifua zikaondoka. Moyo ukaonekana. Kazi ya pili, kukata mwili kwa kupitia ini na kutaja kila kilichokatwa, aliimaliza akitaja kwa kasi kubwa kuliko mtahini alivyoweza kuandika. Kazi ya tatu ilikuwa kuifuata neva ya vagasi kutoka shingoni hadi tumboni. Hapo mkono wake ulipunguza mwendo, ukapita kando ya mshipa wa damu, ukashuka nyuma ya pafu, ukaambatana na umio hadi chini. Saa ilipolia alikuwa amekwisha kufika.

"Amefaulu," alisema Dakta Mbinya, akatia saini.

Lakini Tausi hakuondoka mezani. Alikuwa amegundua kitufe cha kurudisha. Alikibonyeza: mbavu zikarudi, misuli ikarudi, ngozi ikafunga, mtu akawa mzima. Akamfungua tena. Akamrudisha tena. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna mwili hata mmoja aliopata kuurudishia alichokitoa, na sasa alirudisha kila kitu kwa mguso mmoja, na furaha aliyoitazamia haikuja.

"Kuna nini, Madam?" aliuliza Gachau. "Si umepita?"

"Mwili huu haukatai," alisema. "Nyama hukataa kidogo kabla ya kukatika, hapo ndipo mkono hujua usimame. Huyu hakatai. Hawa watoto watajuaje wakati wa kuacha kukata?"

Gachau akasema, "Jumanne, saa mbili asubuhi, kundi la kwanza. Waulize hilo hilo."

"Na wakinijibu kwamba kuna kitufe?"

Hakumsubiri ajibu. Aliizunguka meza, akaizunguka tena, kalamu mkononi, akitafuta mahali pa kuiweka, na kila mahali alipopajaribu hapakumridhisha.