Nani Asome na Wadha

Wivu wa mume Nasriya hakuujua. Marehemu Aws, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kazini na nyumbani, na hata angepotea njia, Nasriya angesema mwacheni, akiona njaa atarudi. Watu walimsifu kwa moyo mpana. Kumbe moyo wenyewe ulikuwa haujaguswa pahala pake. Keshastaafu, mjane, magoti yanamlia akipanda ngazi, ndipo wivu ulipomjia. Tena kwa ajili ya mwanamke mwenziwe, tena darasani, tena darasa lenyewe la mambo ya Mayahudi. Makubwa!

Mwanamke huyo ni Wadha. Walijuana wasichana, siku walipoanza kazi ofisi moja ya serikali. Nasriya watu wake walikuja nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, wa Wadha kutoka Tabora, basi mmoja Kiswahili chake cha pwani, mwengine cha bara, na Kiarabu wanakichanganya humo humo. Walipopewa nyumba za serikali Sib, zikawa ukuta kwa ukuta. Watoto wamekua wakiingia nyumba yoyote iliyopika vizuri siku hiyo. Aws alipofariki, Wadha ndiye aliyelala na Nasriya eda nzima, akimlazimisha kula. Sasa watoto wametawanyika, Ayman, mwana wa Nasriya, yuko mji wa Sohar na mkewe, na asubuhi ikipita bila simu ya Wadha, Nasriya huona siku haijafunguliwa. Hakuwa na mtu mwengine. Hilo lishikeni, maana ndilo lililomtoa akili.

Darasa lilikuwa la Bi Khulood wa Mawaleh. Bi Khulood kasoma ng'ambo lugha za kale, Kiebrania anakisoma kama sisi tunavyosoma bei za duka. Alipoacha kazi chuo kikuu akafungua darasa sebuleni kwake, kila Jumamosi asubuhi, la wanawake watu wazima.

"Kila siku darsani mnasikia visa vya Bani Israil," aliwaambia siku ya kwanza, "na hamjui wenyewe wanavisomaje. Njooni mjue. Mie nafundisha kujua tu. Dini yenu iko pale pale mlipoiacha."

Ayman alipopata habari akapiga simu. "Mama, umri huu ndio unakwenda kusoma Mayahudi?"

"Ningekwenda kusoma kusuka ungepiga simu?" Nasriya akamjibu, na yakaisha.

Walilipenda darasa. Walisoma jinsi wanavyowasha mishumaa Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumamosi hawagusi moto. Walisoma kwamba nyama na maziwa hawavichanganyi katika mlo mmoja.

"Hata biriani?" Nasriya akauliza. "Na mtindi wake?"

"Biriani la mtindi hawali," Bi Khulood akasema, na sebule nzima ikawaonea huruma.

Kisha ukaja mtindo wao wa kusoma. "Mtu mzima kwa wenzetu hawa hasomi peke yake kimya kimya," Bi Khulood alisema. "Wanasoma wawili wawili, kwa sauti. Huyu anasema, yule anampinga. Kisu hunolewa kwa kisu. Na sisi tufanye hivyo hivyo, kila mtu na mwenzake."

Nasriya hakungoja kupangiwa. Akamshika Wadha mkono.

Ilikuwa raha. Nasriya anakuja na chupa ya kahawa na kaimati, Wadha anasoma ukurasa aliotafsiri Bi Khulood, anatoa maoni yake, na Nasriya anasema, "Sadakta, shoga." Wadha anayageuza maoni juu chini, Nasriya anasema, "Hilo nalo neno." Hakuwa mnafiki, msimwonee. Kalelewa hivyo. Kwao rafiki humpingi mbele ya watu. Akisema mkeka ni zulia, unasema naam, tena zulia zuri. Hiyo ndiyo adabu, na Nasriya adabu alikuwa nayo ya kugawa.

Baada ya Idi, Bi Khulood akabadilisha mpango. Nasriya akapewa Bi Fajr, bibi mmoja mwema sana ambaye akishakunywa kahawa husinzia mpaka dua ya kufunga. Wadha akapewa Raghad.

Raghad! Kijana wa juzi, anafanya kazi kiwandani Rusayl, anapima ubora wa mafuta ya kupikia, na watu pia anawapima hivyo hivyo. Kila kitu kwake ni "lakini khala" na "umejuaje khala", khala ndiyo mama mdogo kwa Kiarabu. Hata Bi Khulood naye alikuwa akidaiwa ushahidi. Nasriya alipomwona siku ya kwanza alimhurumia Wadha, akajisemea masikini shoga yangu, katupiwa mwiba. Akangoja Wadha alalamike.

Wadha hakulalamika. Wadha alianza kusema "Raghad anasema". Asubuhi simuni, Raghad anasema. Wakienda kununua samaki Sib, Raghad anasema. Nasriya akimuuliza nguru au changu, Wadha anacheka peke yake, kakumbuka jambo alilosema Raghad. Jioni Nasriya akipiga simu, simu inatumika. Anapiga tena, inatumika. Anaiweka juu ya kochi na kuitazama kwa chuki, masikini simu, kosa lake nini.

Alijiambia maneno ya kujituliza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Atamchoka. Lakini usiku wivu haukubali methali. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haushuki, haupandi. Akaanza kutafuta kasoro: Raghad anacheka kwa sauti, Raghad hali vizuri, Raghad Kiswahili chake nusu Kiarabu. Kama chake yeye kilikuwa kamili!

Siku moja akapika samaki wa kupaka, akatia kwenye bakuli, akavuka kwa Wadha. Alipofika langoni akasikia makelele ndani. Wadha anafoka, "Hapana! Hapana hata kidogo!" na Raghad naye anapiga kelele, "Basi nionyeshe pahala kilipoandikwa!" Wanagombana! Nasriya alifurahi, tusifiche. Alisimama pale na bakuli lake la moto mkononi, roho yake imekunjuka kwa mara ya kwanza tangu Idi. Akaingia taratibu akiwa tayari kumfariji shoga yake.

Akawakuta wanacheka. Wadha anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio, na Raghad kakaa pale pale kwenye kochi ambapo Nasriya amekaa miaka yote, mito imembonyea yeye.

"Karibu, shoga!" Wadha akasema. "Huyu mtoto ataniua. Kaa utusikilize."

Utusikilize! Nasriya akaweka bakuli mezani, akasema kaacha jiko linawaka, akatoka. Jiko lilikuwa limezimwa zamani.

Kesho yake akaendesha gari mpaka Mawaleh, kwa Bi Khulood, bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo si lake. Bi Khulood alimkaribisha, akamtilia chai, na Nasriya hakuinywa.

"Nirudishie Wadha," akasema. "Bi Fajr mtu mzuri, lakini mie nasoma na Wadha. Sote wawili tulizoea. Umekuja wewe umetutenga."

Bi Khulood akazungusha kijiko ndani ya kikombe chake. "Nasriya, dada yangu, sikuwatenga mie."

"Nani basi?"

"Kaomba mwenyewe."

"Nani kaomba?"

"Wadha. Usiniulize zaidi."

"Nambie alivyosema. Wallahi siondoki hapa."

Bi Khulood akamtazama, akaona kweli haondoki. "Alisema anakupenda. Lakini akisoma na wewe ni kama anasoma peke yake."

Nasriya alirudi Sib hajui taa zipi zilikuwa nyekundu zipi kijani. Afadhali angeambiwa hana akili, au mdomo unanuka. Ameshinda miaka akimkubalia mtu kila neno kwa mapenzi, na mtu mwenyewe katika mapenzi yote hayo hakumwona mtu pembeni yake! Alilia, akaosha uso, akalia tena. Wadha alipopiga simu akamwambia, "Nna mafua." Wiki nzima mafua.

Jumamosi alikwenda darasani kwa sababu alitaka kuwaona pamoja. Wivu ndivyo ulivyo, unakupeleka penyewe.

Somo lilikuwa la dada wawili, Lea na Rahel. Bi Khulood akasimulia: Nabii Yaakub, na wote wakasema alayhi salaam, alimpenda Rahel, akamfanyia kazi babake miaka saba ili ampate. Babake mjanja. Yaakub na Rahel wakahofia hila zake, wakapeana alama za siri, ili bibi harusi ajulikane hata gizani. Usiku wa harusi mzee akamfunika ushungi Lea, dada mkubwa, amtie yeye ndani. Na wanachuoni wa Mayahudi wanasema Rahel alipoona dadake ataadhirika mbele ya watu, akampa zile alama. Akampa mume wake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye Rahel akaja kuolewa na Yaakub baadaye, juu ya dadake.

"Wadha na Raghad, mmeonaje?" Bi Khulood akauliza baada ya watu kusoma wawili wawili.

Wadha akajiweka sawa. "Sie tumeona hivi. Rahel moyo wake ulikuwa safi. Hakuwa na wivu hata chembe, na ndiyo maana akaweza kutoa."

"Leo nimekubaliana na khala," Raghad akasema. "Hapo hapana la kupinga."

"Uongo!"

Watu waligeuka kutafuta nani aliyesema. Bi Fajr akazinduka. Alikuwa Nasriya, kasimama, na mwenyewe hajui alisimama saa ngapi.

"Uongo mtupu, Wadha! Hana wivu vipi? Kamngoja mtu miaka saba, na sasa dadake anakwenda kuzitumia alama zake, zile zile walizopeana wawili peke yao, na yeye kakaa chumba cha pili anajua! Aliwaka! Aliungua kutoka unyayo mpaka utosi, na akatoa huku anaungua. Asiyekuwa na wivu akitoa katoa nini? Katoa asichokitaka! Wewe hujui, wewe hujanyang'anywa kitu!"

Nasriya akaona aibu inampanda shingoni, akatafuta mtandio wake ajifunike, akajua leo urafiki umekwisha.

Wadha naye akasimama, macho yamemtoka. "Hujui unalosema! Wivu wa Rahel umetajwa baadaye, Lea alipozaa na yeye hajazaa. Kama ulikuwepo usiku ule mbona haukutajwa?"

"Kwa sababu aliumeza! Ule uliomezwa ndio unaotoka baadaye!"

"Umejuaje kama aliumeza?"

"Kwa sababu mie naujua!"

Wadha akavuka sebule, akaja kukaa kwenye kochi la Nasriya, akamvuta kwa mkono akae. "Rudia hilo la kumeza," akasema. "Si kweli, lakini rudia."

Wakashikana. Si mchezo. Huyu anasema Rahel alimhurumia dadake, yule anasema huruma na wivu vinalala kitanda kimoja. Chai ikapoa. Watu wakaanza kuangalia saa zao, na wao wawili hawana habari.

"Na miaka yote hii maneno haya ulikuwa umeyaweka wapi?" Wadha akauliza, anahema.

"Hapa hapa. Nakustahi."

"Nani kakutuma unistahi?"

Nasriya akacheka, na ndipo alipomwona Raghad. Alikuwa kabaki peke yake kule ng'ambo na karatasi yake. Mara mbili alikuwa kanyanyua mkono aseme neno, na Wadha, kampa mgongo, akamwambia, "Ngoja, mwanangu," bila kugeuka. Sasa alikuwa anawatazama, midomo kaikaza, anajifanya anasoma. Nasriya aliijua sura ile. Mwenyewe kaivaa tangu Idi.

Mungu amsamehe, alisikia utamu. Angeweza kunyamaza tu, na Wadha asingegeuka mpaka adhuhuri. Lakini si kapiga kelele mwenyewe mbele ya watu wote, kwamba mtu anaweza kutoa huku anaungua? Na Bi Khulood alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Raghad," akaita, na moyo ukimwambia mwache kule kule. "Njoo ukae huku na sie."

Raghad akaja mbio na karatasi yake. Nasriya akajisogeza ubavuni mwa Wadha, akamwachia nafasi kwenye kochi. Nafasi ya tako moja.