Siku Tuliyoezua Nyumba ya Cucu

Cucu, mama mzazi wa baba yangu, huniita mume wangu. Nilipewa jina la babu, na kwetu hilo latosha kunifanya mzee wa boma hata kama ndevu bado zinasitasita. Ndiyo maana siku shangazi yangu alipokuja kutoka Karatina, akamkuta cucu ameanguka sakafuni mchana wa jua kali, aliyeulizwa maswali ni mimi.

"Si wewe ndiye bwana ya hii nyumba?" shangazi akasema, huku akimpepea mama yake kwa leso. "Hii ni tanuri. Mchana inamchoma, usiku inamgandisha. Nitarudi. Nikipata bado iko hivi, naenda na yeye."

Boma letu liko Kieni, si mbali na Chaka, na Januari huku jua halina huruma. Mabati yetu yalikuwa ya zamani, mekundu kwa kutu, bila kitu chochote chini yake. Mchana yalilia ta, ta, ta yakitanuka. Usiku baridi ya mlima ilishuka moja kwa moja hadi kitandani, na cucu akaweka jiko la makaa kando yake, jambo lililonitisha kuliko baridi yenyewe.

Lakini Karatina je? Shangazi anaishi ghorofani na watoto wake, chumba kimoja, karibu na soko la vitunguu. Cucu hajawahi kuamka mahali ambapo hawezi kutoka nje na kumpapasa ng'ombe shingoni. Niliogopa kwamba angefika huko anyamaze tu, na kuna watu wazee ambao kunyamaza huwamaliza.

Wakati huo nilikuwa kibarua Nanyuki, nikibeba mbao na mabati kwenye nyumba ya mzee mmoja Mwislamu anayeuza mifugo. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza ile karatasi ya kung'aa inayotandazwa chini ya mabati. Upande mmoja wa paa ulipofungwa niliingia ndani saa nane mchana, nikasimama nikingoja lile joto linalokushukia utosini. Halikushuka. Nikacheka peke yangu kama mjinga. Kufikia jioni nilikuwa nimeshaezeka Kieni nzima kichwani mwangu, shule, makanisa, hata mabanda ya kuku.

Mwenye nyumba aliposikia habari za cucu, alinipa mabunda ya karatasi hiyo yaliyobaki. "Chukua, mwanangu," akasema. "Mama akipata raha, mwambie aniombee kwa njia yake." Nyumbani tukauza ndama dume, tukanunua mabati mapya meupe, maana rangi nyeupe pia hurudisha jua lilikotoka.

Cucu alikubali kwa sharti moja. Nyumba ikifunguliwa asubuhi, ifungwe kabla jua halijazama, na moto uwashwe ndani. Wazee wake walijenga hivyo, nyumba nzima kwa siku moja, kwa sababu nyumba inayolala wazi huingiwa na vitu vingine kabla ya mwenyewe.

"Mimi ni mtu wa kanisa," akaniambia. "Lakini kwa nyumba kama hiyo sitalala. Hata siku moja."

Na asipolala hapo, angelala wapi? Karatina.

Majirani walikuja mapema. Wanaume wakapanda juu, wanawake wakakaa kumenya viazi vya kuponda mukimo. Kabla chai haijaiva nyumba ilikuwa uchi. Nilipoona kitanda cha cucu kimekaa chini ya anga tupu, niligeuza uso, kama niliyemfungulia mtu mlango akivaa.

Fundi, mzee wa kanisa letu, alianza upande wa mbele, juu ya sebule. Alitandaza karatasi juu ya mbao na kuivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma. Majirani wakasifu, ati hiyo ni shiti ya kitanda cha hoteli. Mimi niliona kosa. Kule Nanyuki waliiacha ilegee katikati ya mbao na mbao, ili hewa ikae kati yake na mabati. Vikigusana joto hupita tu, kama sufuria unayoishika bila kitambaa. Nilijua. Lakini fundi ni rika la baba yangu, na mstari wa kwanza wa mabati ulikuwa umeshapigwa misumari.

"Fundi," nikasema hatimaye, "hiyo karatasi tuilegeze. Ikigusa mabati haitasaidia."

"Ati?"

"Iache iwe na tumbo kidogo."

"Bwana ya cucu anataka tumbo," jirani mmoja akasema kutoka juu. "Yake imekataa kutoka."

Wote wakacheka isipokuwa fundi. Aliangalia jua kwanza, kisha mimi. "Nikifungua hii tutachelewa. Ni wewe utaambia mama?"

"Fungua," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

Akafungua. Toka hapo kila msumari aliong'oa niliusikia ndani ya meno. Kivuli cha mti wa mugumo wa jirani kilikuwa kikitambaa kuja kwetu, nami nilikitazama kuliko nilivyotazama kazi.

Upande wa mbele ulipokamilika, upepo ukaja. Upepo wa Kieni haupigi hodi. Ulilinyakua bunda la mwisho mikononi mwa watu wawili, ukalikunjua hewani, likapaa likimetameta juu ya viazi hadi kwenye seng'enge ya jirani. Nilikimbia mpaka pumzi ikaisha. Nilirudi na vipande ambavyo havingefunika hata kiota.

Fundi alishuka ngazi pole pole. "Tuko na njia mbili," akasema. "Huku nyuma tufunge na mabati peke yake, ama tungoje utafute karatasi ingine."

Nyuma ndiko kuliko na chumba cha kulala. Tukifunga hivyo, cucu angerudi kwenye tanuri lile lile. Tukingoja, jua lingezama paa likiwa wazi. Zile ndoto zangu zote za kuezeka Kieni hazikunipa hata neno moja la kusema.

Cucu alikuwa kwenye kigoda chake uani akipukuchua maharagwe. "Mume wangu, mbona sisikii nyundo?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza kiume, lakini mwisho wa sentensi ulinishinda.

Alifikiri kidogo. "Ni upande gani iko na hiyo karatasi?"

"Sebuleni."

"Na kitanda yangu ilikatwa miguu?"

Fundi akaokota nyundo yake.

"Toeni viti huko, muingize kitanda. Wageni watakaa huko nyuma na joto yao. Sasa gongeni."

Waligonga. Kofia ya paa, lile bati la juu kabisa, ilipigiliwa jua likiwa limekalia milima ya Nyandarua, na cucu akaingia na kaa la moto juu ya kigae, mlango wazi nyuma yake.

Shangazi alikuja Jumamosi, saa zile zile mbaya za mchana. Aliingia akasimama. "Hii ni nyumba ama ni wodi?"

"Keti hapa kwa kitanda," cucu akamjibu. "Viti ziko kwa joto."

Shangazi akaenda kwanza chumba cha nyuma. Alitoka akijifuta shingo, akaketi kando ya mama yake, mkoba bado begani, akitazama juu. Nilisimama mlangoni nikihesabu pumzi zake kama mgonjwa anayemtazama daktari usoni.

"Usiku unawasha jiko?" akauliza.

"Ya nini? Nawasha ya chai."

Shangazi akaweka mkoba chini, akavua viatu, akalala ubavuni mwa mama yake. Cucu akasogea ukutani kumpa nafasi.

"Uniamshe kabla gari za Karatina ziishe," shangazi akaniambia, macho ameshayafumba.

Nilitoka nje, nikakaa chini karibu na ng'ombe. Alipoamka alikunywa chai, akaniuliza hiyo karatasi inauzwa wapi, akachukua mkoba wake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliondoka peke yake.