Bakuli la Bati

Nyapara wetu alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana yaliyonipata hayakutokana na roho mbaya.

Ilikuwa miaka ya sabini, tukiziba mashimo ya barabara kuu karibu na Igawa. Mimi nilikuwa kijana wa darasa la saba tu, na kazi yangu ilikuwa kuchochea moto chini ya pipa la lami. Nilikuwa na kifafa. Mama, kule kwetu Iringa, aliniambia nisimwambie mtu, nimeze tu vidonge vya misheni. Lakini kwetu watu husema mwenye kifafa akiangukia motoni haponi tena. Kila asubuhi niliuogopa ule moto.

Kisha mtu wa kundi jingine akagongwa na lori. Ikajulikana kwamba jicho lake moja lilikuwa halioni, naye alificha. Nyapara akatukusanya.

"Ndugu zangu, mwenye ugonjwa aseme. Sitamfukuza mtu. Nitambadilishia kazi."

Nikangoja wenzangu watawanyike, nikamfuata nyuma ya trekta, nikamwambia huku nikitazama viatu vyake. Akanishika bega.

"Umefanya vizuri, kijana. Kuanzia kesho utashika bendera ya kuzuia magari."

Nilipumua. Lakini mchana, kabla hatujala, akasimama mbele ya wote.

"Huyu bwana mdogo ana kifafa, na amesema kiume. Haya, nani mwingine?"

Watu wakaanza kunawa mikono.

Tulikuwa tukila sinia moja, tumelizunguka. Nilipochuchumaa, mmoja akasema, "We, usije ukatuangukia kwenye maharage!" Wakacheka. Mpishi hakucheka. "Mwanangu, lile povu linaambukiza," alisema kwa upole. "Usikasirike." Akanipa bakuli la bati, langu peke yangu. Nikaenda kukaa kando ya trela.

Mwenzangu wa pale kwenye pipa, niliyemwita kaka, alibaki kwenye sinia na wengine. Sikio lake moja lilikuwa limekufa, na ni mimi tu niliyejua. Lori likija nyuma yake, nilikuwa namgusa mgongo. Sasa nilipelekwa mbali, na bendera yangu.

Siku iliyofuata aliliacha sinia, akaja kando ya trela, akachovya tonge lake katika bakuli langu. Wote waliona.

"Kaka, na wewe mwambie nyapara," nikasema. "Hakunidanganya. Kazi amenipa."

"Kazi amekupa. Na bakuli umepewa." Akatafuna taratibu. "Leo nimekuja mwenyewe, nikitaka narudi kwenye sinia. Wewe utarudi? Sikio langu usilitaje."

Sikulitaja. Kila lori nililoliruhusu kupita, niliutazama mgongo wake kwa mbali mpaka limpite, ndipo nikageuka kuangalia jingine linalokuja.