Jeki Nyuma ya Magunia ya Mkaa

Mume wangu aliogopa haramu kuliko risasi. Sisemi hivi kumsifu. Sifa ya mtu huweza kuwa mzigo wa mkewe, na mimi niliyeubeba nautambua uzito wake.

Tulikaa Mpumudde, Jinja. Alikuwa dereva mwenye gari lake, pikapu kuukuu iliyopeleka vitambaa na chumvi Mbale na kurudi na mchele na vitunguu. Kwetu mimi ni Mbale, Namakwekwe, na ndiko alikonipata, akishusha magunia karibu na mlango wa mama yangu. Yeye Msoga, mimi Mgisu, sote Waislamu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Majirani walipokisikia walidhani tuna jamaa jeshini, maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari.

Vita vilipofika, wanajeshi wa serikali iliyoanguka walipita mjini wakikimbia, na wakombozi wakawa bado njiani. Kati ya kuondoka hao na kuingia hawa, maduka yalibaki wazi kwa kila mwenye mikono. Niliona watu wazima, wenye kofia za sala, wamebeba magodoro. Siku ya pili mdogo wake mume wangu akaingia uani anasukuma jeki kubwa ya gereji, ile yenye magurudumu ya chuma na mpini mrefu.

"Kaka, leo umepata," alisema. "Hii nainua hata lori."

"Ya nani?"

"Mwenyewe alikimbia Kenya. Gereji iko wazi, hakuna mutu."

"Basi ni ya mtu. Itoe kwangu."

Shemeji alicheka, akaiacha pale pale langoni akaenda zake kutafuta kingine. Mume wangu akanigeukia. "Mama, hii irudishwe kesho."

Irudishwe kwa nani? Nilikwenda kutazama. Gereji ilikuwa imeng'olewa milango na mabati, hata swichi za taa hazikuwepo. Kuiacha pale ilikuwa sawa na kumpa mwizi wa pili. Nikaificha jikoni nyuma ya magunia ya mkaa, nikaisimamisha ukutani ili isitokeze, kisha nikamwambia mume wangu kwamba nimeirudisha. Huo ndio uongo wangu. Alinishukuru, nikajisikia vibaya kidogo, si sana.

Klachi ya gari ilikuwa imekufa tangu kabla ya vita kutufikia. Mama yangu alikuwa peke yake Mbale na sikuwa na habari zake. Mmoja aliyetoka huko alisema Namakwekwe ni salama, mwingine akasema watu wamehamia mashambani. Kila asubuhi nilimuuliza mume wangu gari litakuwa tayari lini. Nilimuuliza akinywa chai, nilimuuliza akitawadha. Sikumpa nafasi ya kupumua.

Kazi yenyewe ilitaka kushusha giaboksi, na kwa hiyo mtu alale chini ya gari na apate nafasi ya kukunjua mikono. Jeki ndogo ya gari iliinua gurudumu moja tu, tena kwa kuyumba. Alichuchumaa uani akachora vumbini kwa kijiti. Kulikuwa na njia mbili: achimbe shimo na gari lisimame juu yake, au atengeneze vipandio viwili vya mbao, magurudumu ya mbele yapande. Alipenda shimo. Udongo ni wetu, alisema, hakuna atakayeulizia umetoka wapi.

Alichimba siku mbili mpaka likamfika kifuani. Siku ya tatu wakaja askari watatu wa wakombozi kutoka kizuizi cha barabarani. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, na msalaba mdogo shingoni.

"Wewe mzee, nachimba nini?"

"Afande, ni shimo ya gari. Naingia chini, natengeneza."

"Bunduki iko wapi?"

"Bunduki hakuna, afande. Gari ndio hii."

Askari aliinama akatazama ndani kwa muda mrefu. Nadhani aliamini. Lakini alikuwa na wakubwa wake, na shimo la kina cha kifua ndani ya ua wa Waislamu halikuwa jambo la kumweleza mkubwa siku zile, tulipodhaniwa sote watu wa serikali iliyoanguka.

"Funika," alisema. "Leo. Mimi narudi kuona."

Tulilifukia wote wawili, mimi kwa jembe, yeye kwa koleo.

Vikabaki vipandio. Mbao za mvule zilijaa sokoni, safi, zimepigwa randa, na kila mtu alijua zilikuwa rafu na kaunta za madukani. Mume wangu alizunguka soko zima akarudi mikono mitupu. Mbao pekee alizokuwa na hakika nazo, alisema, ni zetu. Akavunja kitanda cha wageni. Hakikutosha, akaja kung'oa mlango wa jikoni.

Nilisimama mbele ya magunia ya mkaa nikimtazama anavyofungua bawaba. Ule mlango ulikuwa umeliwa na wadudu, na kila asubuhi nilifagia unga wake. Nilimwambia. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, hapa na pale.

"Bado mgumu," alisema.

Hapo ndipo ningesema. Jeki ilikuwa hatua mbili nyuma yangu. Lakini niliona uso wake utakavyokuwa akijua nilimdanganya, na niliuogopa uso ule kuliko nilivyoziogopa mbao zile. Nikatundika kanga pale palipokuwa mlango, nikaendelea kupika.

Alipandisha gari Jumamosi asubuhi, akaingia chini. Nilikuwa nachambua maharage niliposikia mbao zinavunjika. Hazikupiga kishindo kikubwa. Kisha sauti yake, ya kawaida kabisa: "Mama, njoo."

Gari lilikuwa limemlalia paja. Nilirudi jikoni mbio, nikapindua magunia, nikaiburuta ile jeki mpaka uani. Akaiona. Amelala pale, uso umejaa jasho, akaitazama jeki, akanitazama mimi, kisha akafumba macho. Nikaisukuma chini ya gari nikaanza kupiga mpini. Ulikwenda juu na chini, mwepesi, bila kushika kitu. Nikapiga tena na tena. Jeki haikuinuka hata upana wa kidole. Nilipiga mpini nikilia, nikimwambia "bado kidogo, bado kidogo," nami nilikuwa najua hakuna kitu.

Majirani walikuja, na askari wa kizuizini nao. Yule aliyetuamuru tufukie shimo aliweka bunduki yake chini vumbini, akashika bampa.

"Mama, ondoka. Sisi nabeba."

Waliliinua kwa mikono. Hospitali walimkata mguu juu ya goti.

Mama yangu alikuja mwenyewe wiki mbili baadaye, juu ya lori la vitunguu, mzima wa afya, amekasirika kwamba hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Ndiye aliyemuuguza.

Gari tuliliuza. Mume wangu akajifunza kushona kanzu kwa cherehani ya mkono, akiwa ameketi barazani. Juu ya jeki hakuniuliza lolote, siku hiyo wala baadaye. Fundi mmoja aliniambia jeki ya namna ile haisimamishwi, mafuta yake huvuja. Nikakumbuka doa la mafuta nyuma ya magunia, nililodhani ni la taa. Basi nikajua kosa langu lote: nilidanganya, nikanyamaza, nikaiharibu. Niliishi nalo miaka mingi. Nililijua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Mji ulipotulia hatimaye, mwenye gereji alirudi kutoka Kenya, nywele nyeupe. Niliipakia jeki kwenye toroli nikaisukuma mchana kweupe, watu wakitazama. Nikamweleza ilivyofika kwetu.

Aliipiga teke dogo. "Hii, mama? Hii ilikuwa mbovu. Mipira ya ndani ya kuzuia mafuta iliisha kabla ya vita, nilikuwa nangoja vipuri vya Nairobi. Waliniibia takataka."

"Haikuinua kitu?"

"Hata baiskeli."

Nilimuuliza mara ya tatu, akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Nyumbani nilimkuta mume wangu barazani, sindano mdomoni. Nikamsimulia yote, kuanzia langoni. Uongo nikamwomba radhi, akanisamehe kabla sijamaliza. Kisha akaitoa sindano.

"Lakini umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Alhamdulillahi," alisema, akarudi kwenye kanzu yake.

Niliingia jikoni nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha wa mguu, miaka yote ile nilikuwa nauandaa. Sasa sikuwa na cha kumwomba, naye hakuwa na cha kunisamehe, na mguu ulikuwa haupo vilevile.