Toba ya Shemeji

Kanisani walimwita Mzee Rula. Watani walisema amenyooka hivi kwamba hata akilala hakunji miguu. Siku za kazi alikuwa msimamizi wa karakana ya useremala. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na vijana wa kipaimara aliwafundisha kwamba haki mbele za Mungu hainunuliwi kwa matendo, mtu hupewa bure kwa imani katika Kristo. Aliyasema hayo kama kasuku. Moyoni alijua yake ameichuma mwenyewe, kwa jasho lake.

Kisha akaing'oa kinga ya msumeno wa umeme, maana ilikuwa inachelewesha kazi, na msumeno ukamkata shemeji yake, kaka wa mkewe, vidole vinne vya mkono wa kulia. Tajiri wa karakana alipouliza nani ameing'oa, ulimi wa Mzee Rula ukatangulia: "Kaing'oa mwenyewe." Shemeji akafukuzwa kazi. Alipolalamika kwa baraza la wazee wa kanisa, wakamtenga na meza ya Bwana kwa kosa la kumsingizia mzee mwenzao. Nani angemwamini mpasua mbao mbele ya Rula?

Miezi minane shemeji akakaa benchi la nyuma. Kila Jumamosi Mzee Rula aliapa kwamba kesho atasema. Kila Jumapili akameza maneno yake. Jamani, uongo ukishavaa suti, kuuvua ni kazi!

Jumapili hii shemeji alikuwa anakwenda kutubu. Mlangoni Mzee Rula akamvuta kando.

"Shemeji, unatubu nini? Wewe hukusema uongo."

"Mama ana siku chache. Anataka tushiriki meza pamoja kabla hajaondoka. Wewe uliza maswali yako, mimi nitaitika."

"Na mimi je?"

"Wewe una Mungu wako."

Ibadani, zamu ya kumuuliza anayetubu ilikuwa ya Mzee Rula. Akaikunjua karatasi ya maswali.

"Je, unakiri kwamba ulimsingizia mzee wa kanisa?"

"Nakiri," akasema asiye na kosa, akabeba kosa la mwenzake mbele ya watu mia tatu.

Hapo Mzee Rula akaelewa yale aliyoyafundisha miaka ishirini, na kuelewa kwenyewe kukamchoma. Ili apewe haki ya bure, ilimpasa kwanza aseme kwamba ya kwake hana. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Desturi ilimtaka ampe aliyetubu mkono wa kumkaribisha. Kwaya ikaanza kuimba, watu wakasimama. Shemeji akanyoosha mkono wa kulia. Mzee Rula akashika kidole gumba na kovu.

"Ni mimi niliyeing'oa," akanong'ona.

"Najua. Waambie wao."

Wimbo ukaisha. Kanisa zima likamtazama. Safu ya kwanza alikuwa mkewe, na kando yake mama mkwe kwenye kiti cha magurudumu, machozi ya furaha yakimtoka.

"Tuketi," akasema Mzee Rula.