Injini Inayochoka Katikati ya Ziwa

Siku ya kwanza kazini niliambiwa niweke spana chini. Ilikuwa karakana ya boti za serikali hapa Kisumu, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na hamu ya kufungua kila nati niliyoiona. Fundi Mkuu, Singasinga mwenye kilemba cha buluu na mikono mipana, alinisimamisha mbele ya injini ya boti iliyoletwa kwa kukosa nguvu.

"Odhiambo, hii inaumwa wapi?"

"Sijui, Fundi. Bado sijafungua."

"Basi usifungue. Muulize kwanza aliyekuja nayo."

Ndivyo nilivyofundishwa. Mvuvi akisema injini inanguruma lakini boti haisogei, tulitazama propela, maana mpira ulio katikati yake huchakaa ukaanza kuteleza. Akisema injini yenyewe imelegea, tulitafuta kwenye plagi, joto au petroli. Ukichomoa waya wa plagi na mlio usibadilike, basi silinda hiyo ilikuwa imelala tangu mwanzo. Joto mara nyingi lilikuwa kazi ya gugu maji, lililoziba tundu la kunyonyea maji ya kupoza injini. Petroli ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa sababu njia yake ni ndefu, kutoka tangi hadi kabureta, na inaweza kukwama popote.

Fundi Mkuu alikuwa mkali, na nilimpenda. Wakati wa chai alikaa nasi juu ya debe akizungumza Kijaluo kilichonyooka kuliko changu, mimi niliyekulia mtaani Kaloleni kwenye mchanganyiko wa lugha.

Baadaye nilihamishiwa Port Victoria kuendesha na kutunza boti iliyowapeleka wauguzi visiwani. Alipokaribia kustaafu, Fundi Mkuu alikuja kutuaga, akaomba tumchukue safari moja. Kule kisiwani sista, muuguzi tuliyempeleka, alikuta mtoto anayepumua kwa shida, ikabidi turudi naye upesi yeye na mama yake, afikishwe hospitali.

Katikati ya ziwa injini ililegea. Polepole ilikwenda, nikiiongezea moto, ilikohoa na kutaka kuzima. Upepo ulikuwa umeanza kuinua mawimbi. Mama mtoto alinitazama, nami nikamtazama Fundi Mkuu. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Unaniangalia nini? Mimi leo ni abiria."

Nilikasirika, nusura nimjibu vibaya. Kisha nikageukia injini. Ilikuwa imelegea yenyewe, kwa hiyo haikuwa propela. Maji ya kupoza yalitoka vizuri, kwa hiyo haikuwa joto. Nikashika kipira cha petroli, kile unachokiminya kwa mkono kupandisha mafuta kabla ya kuwasha. Nilipokiminya, injini ilifufuka. Nilipoacha, ikalegea tena. Petroli haikuwa ikifika. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa wazi, chujio lilikuwa safi, na mpira wa mafuta haukuwa na ufa.

"Ni pampu," nilisema. "Utando wake wa ndani umekakamaa. Sina mwingine."

"Sasa?"

"Mtu aminye kipira mpaka tufike."

Fundi Mkuu alivua saa yake, akapiga magoti kwenye maji yaliyotuama ndani ya boti, akakishika. "Endesha, Odhiambo."

Aliminya njia nzima. Mkono mmoja ukichoka alishika kwa mwingine, na kila wimbi lilipotupiga alifunga macho bila kuacha. Sista alikuwa akituambia, "Bado anapumua. Bado anapumua." Tulipogusa mchanga alishuka mbio na mtoto, mama nyuma yake. Vidole vya Fundi Mkuu vilikataa kunyooka, nikavikanda kimoja kimoja, naye anacheka kwa maumivu.

Mtoto alipona. Fundi Mkuu hakunisifu hata kidogo. Ila siku ya kumkabidhi kazi mkuu mpya, alinionyesha kwa kidole, akamwambia mkuu huyo, "Ukienda majini, nenda na huyu."

Nilifanya kazi Asembo Bay baada ya hapo, kisha nikarudi Kisumu, nikastaafu hapa. Injini za sasa hupimwa kwa kompyuta, na vijana wanazielewa kuniliko, siwaonei wivu. Zile za zamani bado wananiletea nyumbani, nami bado nawauliza maswali mpaka wanachoka.

Mwaka jana mke wa Fundi Mkuu alinipigia simu. Mzee ameugua sana, akasema, na anataka kuona ziwa. Niliazima boti ya rafiki yangu yenye injini ya siku nyingi, nikaikagua asubuhi yote. Tulimpandisha mimi na mkewe, kisha mkewe akamfunika shali.

Miaka yote ile sikuwahi kumwona akisinzia kwenye boti. Hata akila, sikio lilikuwa kwenye injini. Siku hiyo tulikuwa hatujapita hata mafunjo ya ufukweni kichwa chake kilipoanguka begani kwa mkewe, akaanza kukoroma.

"Nimwamshe?" mkewe aliuliza. "Asije akalikosa ziwa."

"Mwache, Mama," nilimwambia. "Petroli ipo. Nitazunguka tena."