Fundi Anayetoka Nje Wakati wa Sala

Fundi wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, hatulii. Kila Alhamisi anakuja kwenye kikundi cha walioacha pombe, katika kanisa dogo la mtaa wa Tshopo, na Maman Augustine, anayekiongoza, akisema, "Tufumbe macho," yeye hutoka nje, kwa kuwa haamini Mungu na hataki kuwadanganya wenzake. Uani hujaza upepo baiskeli zao zote, hata zisizohitaji. Vidole vyake vyenye grisi hubonyeza tairi, hupangusa kengele, na macho hukikwepa kibanda cha lotoko, pombe kali ya kienyeji, ng'ambo ya barabara. Akisikia "Amina" hurudi ndani, na hapo ndipo husema kinachomsumbua.

Leo sala imerefuka. Matairi yote yameshajaa na harufu ya ile pombe inavuka barabara. Ameshaweka pampu chini, mguu mmoja uko barabarani, anaposikia fyuuu nyuma yake. Anageuka. Maman Augustine ameinamia baiskeli yake mwenyewe, amebonyeza valvu mpaka tairi limelala.

"Papa, yangu iko bila mupepo."

"Lakini sala iko inaendelea, maman."

"Bon, iendelee. Kuya, tia mupepo."